Karatasi za Mwalimu wa Kiingereza Anayekwenda Thailand au Vietnam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa na walimu wenzangu, wengi wao Watanzania na Wakenya, tangu niliporudi kutoka kufundisha kaskazini mashariki mwa Thailand. Nimeyajibu hapa kama ninavyowajibu kwenye simu. Shule ya kukuajiri unaweza kuipata ndani ya wiki mbili. Kinachokula miezi ni mihuri, na mihuri ina foleni yake ambayo huwezi kuiruka.

Mimi si Mzungu na sikuzaliwa Uingereza. Watanichukua kweli?

Inategemea nchi, kwa hiyo jua mapema ili usipoteze nauli ya kuzunguka maofisini. Korea Kusini, kwa mfano, viza yao ya walimu wa lugha, E-2, kwa kawaida hupewa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Pasipoti ya Tanzania au Kenya haimo, hata kama Kiingereza chako kinampita aliyezaliwa Manchester. Ukikutana na mtu anayekuahidi kazi ya kufundisha huko kwa njia hiyo, mwache aende zake.

Thailand na Vietnam zimefungua mlango zaidi. Zinataka shahada, zinataka uthibitisho wa Kiingereza chako, na zinataka karatasi zilizonyooka. Matangazo mengi bado yataandika kwamba wanataka mzawa wa lugha. Mengine wanamaanisha, mengine wameyanakili tu kwa jirani. Mimi niliandikia shule thelathini na kitu, zikajibu nne.

Nianze na karatasi ipi?

Anza na zile zisizoisha muda: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya sekondari, shahada na transkripti. Hizo zikae sawa, majina yakubaliane, zipate mihuri. Kisha pasipoti, kama huna au kama imebakiza chini ya mwaka mmoja na nusu. Cheti cha polisi kiache hadi karibu na mwisho kwa sababu kina umri mfupi. Watu wengi hufanya kinyume: wanakimbilia polisi kwanza kwa kuwa ni rahisi, halafu shahada inachelewa, na shahada inapokuwa tayari cheti cha polisi kimeshachacha.

Jina langu limeandikwa tofauti kidogo kwenye pasipoti. Herufi moja tu. Ni shida?

Ni shida kuliko zote, na sisi watu wa pwani tunaijua kuliko wengine. Mohamed, Mohammed, Muhammad. Khadija na Hadija. Abdallah na Abdalla. Huku nyumbani karani akiona anacheka na kuendelea. Kule hakuna anayejua kwamba hayo ni majina ya mtu mmoja.

Ngoja nikuambie yaliyonipata. Nilikaa mbele ya dirisha la ofisi moja ya huko, mama mmoja mtu mzima yupo upande wa pili na penseli mkononi. Aliiweka pasipoti kushoto na shahada kulia, akawa anahesabu herufi za jina la babu yangu, ncha ya penseli ikigusa kioo cha meza kwa kila herufi: tik, tik, tik. Alipofika herufi ya sita akasimama. Pasipoti ilisema Mohammed, shahada ilisema Mohamed. Hakukasirika wala hakuuliza swali. Alirudisha karatasi zote ndani ya bahasha, akaunganisha viganja kifuani kama wanavyosalimiana, akaita namba inayofuata.

Ilibidi ndugu yangu aende kwa wakili nyumbani kunitafutia hati ya kiapo, na kiapo hicho nacho kikapita njia ile ile ya mihuri iliyopitwa na shahada, kisha kikasafirishwa. Zilikwenda wiki tano, mshahara wa mwezi mzima ukaenda nazo.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya jambo lingine lolote. Tandika mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, shahada na pasipoti. Soma herufi kwa herufi, na angalia tarehe ya kuzaliwa pia. Angalia na idadi ya majina: wengine wana majina matatu kwenye shahada na mawili kwenye pasipoti. Tofauti ikiwa ndogo, hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo kwa kawaida hutosha. Tofauti ikiwa kubwa, kwa maana umeacha jina moja na kushika jingine, utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Kina dada waliochukua jina la mume, cheti cha ndoa kiingie kwenye bahasha na chenyewe kigongwe mihuri kama vingine.

Kama pasipoti bado hujaomba, una bahati. Omba kwa majina yaliyo kwenye shahada.

Nimeambiwa nipeleke vyeti vyenye apostili. Ni kitu gani hicho?

Apostili ni cheti kimoja kidogo kinachobandikwa au kugongwa kwenye hati ili ikubalike katika nchi nyingine bila kupita ubalozini. Ilianzishwa kwa Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961. Burundi imo tangu 2015, Rwanda tangu 2024. Oman imo tangu 2012. Tanzania, Kenya na Uganda hazimo, angalau hadi ninapoandika haya. Kwa hiyo mwajiri akikuandikia kwamba lete apostili, usihangaike kuitafuta Dar es Salaam au Nairobi. Mjibu kwa heshima kwamba nchi yako hutumia njia ya wizara na ubalozi. Na mtu akikuuzia apostili ya Tanzania, huyo amekuuzia kibandiko.

Mwalimu mmoja wa Mwanza aliniuliza: Oman imo, basi si nusu ya kazi imeisha? Haijaisha. Lazima nchi iliyotoa hati na nchi inayoipokea zote ziwe ndani. Anayekwenda kufundisha Muscat akitokea Tanga bado anapita ubalozini.

Basi mihuri inafuatana vipi kwetu?

Kila muhuri kazi yake ni kuushuhudia uliotangulia. Ukishalielewa hilo, huhitaji mtu wa kukuelekeza. Chuo kimetia saini shahada yako. Wizara ya Mambo ya Nje haiwajui wakuu wa vyuo wote, kwa hiyo inataka chombo inachokifahamu kiseme kwamba hati hii ni ya kweli. Kwa Tanzania, vyeti vya kidato cha nne na cha sita shahidi wake ni NECTA, cheti cha kuzaliwa ni RITA, na mambo ya vyuo vikuu yanasimamiwa na TCU. Kwa Kenya, vyeti vya shule vinamtazama KNEC. Wizara ikiridhika inagonga wake. Ubalozi wa nchi unayokwenda haumjui NECTA wala mkuu wa chuo, ila saini za maofisa wa wizara ubalozi unazo kwenye faili, na ndizo ubalozi unazozithibitisha.

Sasa hapa pana kichekesho cha jiografia. Ubalozi wa Vietnam uko Dar es Salaam. Ubalozi wa Thailand uko Nairobi. Mtanzania anayekwenda Thailand anatazama Nairobi, Mkenya anayekwenda Vietnam anatazama Dar. Nauli ya basi ya kwenda na kurudi iingize kwenye bajeti yako, au ada ya kutuma kwa kampuni ya vifurushi, na uulize kwanza kama ubalozi unapokea kwa njia hiyo.

Safari haiishii hapo. Ukifika Vietnam, hati zilizothibitishwa zinatafsiriwa kwa Kivietnamu na tafsiri inathibitishwa. Thailand vivyo hivyo kwa Kithai, kisha Idara ya Mambo ya Kibalozi iliyoko barabara ya Chaeng Watthana, Bangkok, inagonga muhuri wa mwisho. Shule nyingi hukufanyia hatua hii. Uliza nani analipa, na jibu liwe la maandishi.

Jambo dogo lenye hasara kubwa: wakili akikubania nakala kwa utepe na lakiri, au kwa pini za stepla zenye muhuri juu ya pembe, usifungue kamwe. Hata kwa kuskani. Kijana mmoja alitoa pini ili ukurasa ulale vizuri kwenye mashine ya stesheneri, akazirudishia pale pale kwenye matundu. Ubalozini waliona matundu mawili ya ziada, wakamrudisha mwanzo. Kama unataka nakala ya kuskani, skani kabla hazijabanwa, au kunja taratibu ukurasa mmoja mmoja na upige picha kwa simu.

Vyeti vyangu vyote nimeviwekea plastiki ngumu ili visichakae. Kuna neno?

Lipo. Muhuri haukai juu ya plastiki, na maofisa wengi wanaiona plastiki kama njia ya kuficha kilichochezewa. Usiibandue mwenyewe kwa pasi au maji ya moto, utaondoka na wino. Tumia nakala iliyothibitishwa kama ofisi husika inakubali. Isipokubali, rudi chuoni ukaulize utaratibu wa kupata hati nyingine. Kwa vyeti vya mitihani ya taifa utaratibu huo ni mrefu, kwa hiyo kama bado hujaviwekea plastiki, tafadhali viache vilivyo. Faili la mifuko ya nailoni linatosha.

Cheti cha polisi nakipata wapi, na kinadumu muda gani?

Tanzania tunakiita cheti cha tabia njema, Kenya ni cheti cha mwenendo mwema. Vyote viwili vinahitaji alama za vidole. Kenya unaomba kupitia eCitizen, unachapisha fomu, kisha unakwenda kuchukuliwa alama kwenye Huduma Centre au ofisi za DCI. Tanzania ni kupitia Jeshi la Polisi, na nenda na kitambulisho cha taifa na barua au maelezo ya kwa nini unakihitaji.

Vietnam hutaka kisizidi miezi 6 tangu kilipotolewa hadi siku ya kuomba kibali cha kazi. Hesabu vizuri: ni hadi siku ya kuomba kibali kule, si siku ya kupanda ndege huku. Ukitoa mwezi mmoja wa wizara na ubalozi, na mwezi mwingine wa shule kuandaa faili lake, umebakiwa na miezi minne. Thailand nao wanakitaka, hasa shule inapokuombea ruhusa ya muda ya kufundisha kwenye baraza lao la walimu, Khurusapha.

Kama uliwahi kufanya kazi ugenini, tuseme uliishi Dubai au Doha zaidi ya miezi kadhaa, jiandae kuulizwa cheti cha polisi cha huko pia. Kukipata ukiwa umeshaondoka ni kazi ya machozi, basi kama bado uko huko, kichukue kabla ya kuondoka.

Nina shahada ya ualimu na nimefundisha miaka sita. Kwa nini nitafute tena cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wageni?

Nilikasirika kama wewe. Lakini ofisa wa kibali cha kazi ana orodha, na kwenye orodha kuna kisanduku. Mara nyingi shahada ya ualimu yenye somo la Kiingereza inakitosheleza. Shahada ya biashara haikitoshelezi, hapo unahitaji cheti cha TEFL. Kipimo kinachotajwa mara nyingi ni saa 120. Kozi za mtandaoni za bei ya chini zipo tele. Kabla ya kulipa, uliza shule inayokuajiri kama cheti hicho wanakikubali, maana kuna vinavyotolewa na tovuti tu, havina mtu wa kuvithibitisha.

CELTA, cheti cha kufundisha Kiingereza cha Cambridge, ni ghali mara nyingi zaidi, na ndani yake kuna saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi mbele ya mkaguzi. Kama una fedha na unataka kukaa miaka mingi kwenye kazi hii, hiyo haikutupi. Kama unataka mwaka mmoja wa kuona dunia, TEFL inatosha.

Nimesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Bado nifanye mtihani wa lugha?

Ndiyo. Uraia wako ndio unaokupeleka kwenye chumba cha mtihani. Kwa Thailand, TOEIC ya alama 600 na zaidi hutajwa sana kwa walimu ambao si wazawa wa lugha, na IELTS inapokelewa pia. IELTS hufanyika Dar es Salaam na Nairobi. Matokeo yake yanahesabika kwa miaka 2, kwa hiyo usifanye mtihani mwaka huu kwa safari ya mwaka keshokutwa.

Na jisajili kwa jina lililo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Najua nimeshasema.

Wakala anataka nimwachie pasipoti na vyeti halisi ili «aharakishe». Nimwachie?

Hapana. Mpe nakala zilizoskaniwa, na kila nakala iandike kwa wino kwa mshazari kwamba ni kwa maombi ya kazi tu, na tarehe. Vyeti halisi vinatoka mkononi mwako kwenda dirishani wizarani au ubalozini, na kurudi mkononi mwako.

Wakala mmoja niliyeanza naye alishika vyeti vyangu wiki saba. Kila nikipiga simu, «vipo wizarani, bosi». Siku nilipokwenda mwenyewe nilivikuta kwenye droo yake, chini ya kalenda za mwaka uliopita, havijatoka nje ya chumba kile. Kenya, mawakala wa ajira za nje wanatakiwa wawe kwenye orodha ya NEA, mamlaka ya taifa ya ajira, na unaweza kuitazama mwenyewe. Tanzania, uliza leseni inayotoka upande wa kazi na ajira. Akianza kukasirika ukiuliza leseni, umeshapata jibu.

Shule inasema niingie kwa viza ya utalii, kisha watanibadilishia. Ni salama?

Wapo waliofanya hivyo na mambo yakawaendea. Wapo pia waliofundisha miezi mitatu wakiwa watalii kwenye karatasi, shule ikakataa kuwalipa mwezi wa mwisho, na wasiweze kwenda polisi kushtaki. Kufundisha bila kibali cha kazi ni kosa la mwalimu pia, hata kama shule nayo inaweza kutozwa faini.

Njia iliyonyooka ya Thailand ni viza ya Non-Immigrant B, ambayo kwa kawaida inakupa siku 90 za mwanzo, na kibali cha kazi kinafuata ukiwa ndani. Shule lazima ikutumie barua ya ajira, nakala ya usajili wake na barua kutoka kwa mamlaka ya elimu. Kama shule haiwezi kukutumia hizo, huenda haina ruhusa ya kuajiri mgeni. Tangu tarehe 1 Januari 2025 maombi ya viza ya Thailand yanapita mtandaoni, kwa hiyo faili lako liwe limeskaniwa vizuri, rangi kamili, pembe zote nne zikionekana. Picha ya shahada iliyopigwa juu ya mkeka kwa simu, na kivuli cha kichwa chako katikati, itarudishwa.

Chanjo?

Homa ya manjano. Thailand inawadai kadi wanaotoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Chanja angalau siku 10 kabla ya kusafiri. Kadi ya zamani yenye kuandikwa miaka 10 bado inafaa, kwa sababu tangu Julai 2016 chanjo hiyo inahesabika maisha yote. Jina kwenye kadi? Kama pasipoti.

Nimeajiriwa serikalini. Niache kazi kwanza?

Usiache kazi kwa barua pepe ya shule. Omba likizo bila malipo kwa mwajiri wako, na anza mapema, kwa sababu faili lako litapita meza nyingi kuliko unavyofikiri. Barua ya kukubaliwa ikitoka, ichukulie nakala na ibebe. Barua ya uzoefu pia iombe sasa, yenye nembo, tarehe ya kuanza kazi, somo ulilofundisha, saini na muhuri. Niliiomba yangu nikiwa tayari kule, mkuu wa shule alikuwa amehamishwa, na mpya aliniambia, kwa haki kabisa, kwamba hanijui.

Nitasafiri na mke na mtoto. Karatasi zao ni zile zile?

Cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto vipite mihuri yote pamoja na shahada yako, kwa safari moja. Ndoa ya msikitini au kanisani iliyobaki na cheti cha huko tu, bila kusajiliwa serikalini, isajili kwanza. Wengi wanatangulia peke yao mwaka wa kwanza, familia inafuata kibali kikiwa mkononi. Mimi nilifanya hivyo.

Siku ya safari nibebe nini mkononi?

Karatasi zote halisi, kwenye begi la mkononi, zisiingie kamwe kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Nakala mbili za kila kitu kwenye sanduku, na skani kwenye barua pepe yako. Picha za pasipoti kumi na mbili, kwa sababu kila ofisi itataka mbili na hakuna inayorudisha. Kwa Thailand, jaza kadi ya kuingia ya mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika, ilianza tarehe 1 Mei 2025, na haina malipo. Ukiona tovuti inadai dola, umeingia siyo. Andika kwenye karatasi ya kawaida jina la shule, anwani na simu ya mtu atakayekupokea, kwa Kithai kama wamekutumia. Betri ya simu huisha pale pale unapofika dirishani. Na kalamu, yako mwenyewe, ya wino wa bluu.